Akiba ya Picha na Sayansi ya Ghala la Nyumbani

Fundi aliishika ile diski kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na sikio langu. "Kaka, sikiliza mwenyewe." Tik, tik, tik, kisha kimya. Tik, tik, tik, kisha kimya. Ndani ya kijisanduku kile cha chuma, ambacho hakijai kiganja, mlikuwa na picha za miaka tisa: watoto wakiwa wachanga, arusi ya mdogo wangu, na video ya dakika nne ambamo marehemu mama amekalia mbuzi anakuna nazi, huku akimwelekeza mjukuu wake asikwangue hadi kwenye kifuu. Video ile haikuwa na nakala popote. Fundi aliifunga diski kwa gazeti, akanirudishia, akakataa hela yangu.

Tangu siku hiyo jamaa na majirani wamenizoea kwa swali moja. Wamesikia kuna sanduku dogo linalounganishwa kwenye ruta, kompyuta zote za nyumba zikahifadhi nakala humo, na jioni televisheni ikavuta filamu na nyimbo kutoka humohumo. Madukani linaitwa NAS. Mimi naliita ghala la nyumbani. Wanauliza, ninunue lipi? Swali hilo likiulizwa dukani hujibiwa kwa bei na wingi wa taa zinazometameta. Naomba tuliulize tukianzia ndani kabisa, kwenye kile kitu kinachotunza picha: ni kitu gani, kinakaaje humo, na kinatokaje.

Fundi yuleyule alinipa diski nyingine iliyokufa, ya kujifunzia. Ile yenye video ya mama sijaifungua, na sababu yake utaiona. Nilitoa skrubu zenye kichwa cha nyota moja moja, nikanyanyua kifuniko, na kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wangu mwenyewe. Sahani ya diski inang'aa kuliko kioo cha kinyozi. Ni bamba la aluminiamu, au kioo halisi, lililosuguliwa na kupakwa tabaka jembamba mno la aloi ya kobalti. Pembeni yake kuna mkono mfupi wa chuma wenye ncha nyembamba kama mguu wa mbu. Aliyewahi kuona santuri ikipigwa ataitambua sura hiyo mara moja. Ila sindano ya santuri hugusa sahani, na ncha hii haitakiwi kugusa kamwe. Sahani inapozunguka hukokota hewa, na hewa hiyo huinyanyua ncha ikaelea nanomita chache juu yake. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000.

Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Sahani yake ina kipenyo cha milimita 65 hivi, kwa hiyo ukingo wake unakimbia mita 18 kwa sekunde, karibu kilomita 66 kwa saa. Ni mwendo wa daladala iliyokuta barabara nyeupe. Kwa kitu kinachoelea chini kiasi hicho na kwa mwendo huo, punje ya vumbi ni jabali, na alama ya kidole ni tope. Maabara za kuokoa data hufungua diski katika vyumba vyenye hewa iliyochujwa, na mimi sina chumba cha namna hiyo. Basi diski ya mama imebaki imefungwa. Ule mlio wa tik, tik, tik ni mkono unaotafuta njia yake juu ya sahani, unaikosa, unarudi mwanzo, unajaribu tena.

Na kilichoandikwa juu ya sahani ni nini? Lile tabaka la kobalti limegawanyika katika punje ndogo mno, na kila kikundi cha punje ni sumaku. Wakati wa kuandika, umeme hupita kwenye koili iliyo katika ncha, na sumaku zilizo chini yake hugeuzwa upande huu au upande ule. Kusoma ni kupita tena juu yake na kuhisi mwelekeo unabadilika wapi. Mpangilio wa mabadiliko hayo ndio unaofasiriwa kuwa 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti 1. Sauti ya mama, rangi ya kanga yake, mkwaruzo wa nazi kwenye meno ya mbuzi, vyote vilikuwa foleni ndefu ya sumaku.

Kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza ya aina hii mwaka 1956, katika mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, ilikuwa na uzito wa tani moja hivi, na ilibeba chini kidogo ya megabaiti 4. Picha moja ya simu ya leo ingelijaza dubwana lile. Kilichofupisha safari ni uwezo wa kuhisi sumaku ndogo zaidi na zaidi. Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba matabaka membamba ya metali hubadili sana ukinzani wake wa umeme yanapokaribiwa na sumaku dhaifu. Kabla ya miaka kumi kupita kanuni hiyo iliingia katika ncha za diski, na mwaka 2007 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kuna njia ya pili ya kutunza biti, isiyokuwa na kitu kinachozunguka. Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, alibuni katika miaka ya 1980 kumbukumbu ya flashi, ambayo huteka elektroni na kuzifungia ndani ya kisima kidogo kilichozungushiwa kuta zisizopitisha umeme. Idadi ya elektroni zilizomo ndiyo inayosomwa. Flashi uliyoning'iniza kwenye funguo na SSD ya laptopu mpya zinafanya kazi hivyo. Ni nyepesi, hazina kelele, haziharibiki kirahisi zikianguka, nazo ni za haraka mno. Lakini kuta za kisima huchakaa kila yanapofanyika maandishi mapya, na elektroni huvuja taratibu kifaa kikikaa muda mrefu bila umeme. Halafu kuna bei. Kwa terabaiti ileile, diski ya sahani bado ni rahisi mara kadhaa. Ghala la nyumbani huandikwa kidogo na kusomwa kidogo, likitaka nafasi kubwa. Kwa kazi hiyo diski ya sahani inatosha, na fedha iliyobaki nitakwambia uipeleke wapi.

Iwe sumaku au elektroni, kifaa hicho kitakufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwenye mamia ya maelfu ya diski, imekuwa ikichapisha hesabu za vifo vya diski zake tangu mwaka 2013. Kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2 hufa kila mwaka, na hizo zinakaa kwenye majumba yenye ubaridi na umeme wa uhakika. Asilimia moja ni ndogo kwa mwenye diski laki tatu. Kwa mwenye diski moja hakuna asilimia: ipo au haipo.

Kwa hiyo unahitaji mbili. Hapo ndipo wanunuzi wengi hujikwaa, maana maghala mengi yana nafasi mbili au nne za diski, na muuzaji atasema, "Hili linajinakili lenyewe, bosi, huna haja ya kuhofu." Tuangalie linajinakili namna gani.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika kuhusu kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja kubwa isiyotetereka. Mpango huo huitwa RAID. Namna yake nyepesi ni kioo: kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Namna nyingine ni ya kiakili zaidi, nayo hutumia hesabu ya shufwa na witiri ambayo wengi wetu tulifundishwa utotoni. Chukua diski tatu, na mahali fulani zina biti 1, 0 na 1. Diski ya nne haitunzi nakala ya yoyote kati ya hizo. Inatunza tarakimu moja tu, ile itakayofanya jumla ya zote nne iwe shufwa. Hapa 1 na 0 na 1 ni 2, tayari ni shufwa, basi ya nne inaandika 0. Sasa diski ya kwanza ife. Zimebaki 0, 1 na 0, jumla yake 1, ambayo ni witiri. Kwa kuwa tuliahidiana shufwa, iliyopotea lazima ilikuwa 1. Irudie hesabu hiyo mara trilioni kadhaa na diski nzima imefufuka. Kwangu mimi hii ni moja ya hesabu nzuri kuliko zote zilizomo nyumbani mwetu, na inafanyika bila mtu kuiona.

Uzuri wake usikulaze usingizi. Kioo humwonyesha kila mtu alivyo. Ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye diski ya kwanza, kioo kitaifuta kwenye ya pili kabla hujaondoa kidole. Mtoto akiandika juu ya tasnifu ya dada yake, ghala litaandika vivyo hivyo mara mbili, kwa uaminifu mkubwa. Moto, mwizi, paa linalovuja, radi, vyote huchukua sanduku zima na diski zake zote. RAID inakukinga na jambo moja tu, kifo cha diski, ili ghala liendelee kufanya kazi wakati unatafuta diski mpya. Nakala ya akiba ni kitu kingine.

Waulize Pixar. Mwaka 1998 walipokuwa wakitengeneza filamu ya *Toy Story 2*, mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipotakiwa, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kuyeyuka kwenye seva zao, mhusika mmoja baada ya mwingine. Wakakimbilia nakala za akiba. Nakala zilikuwa mbovu, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa msimamizi wa masuala ya kiufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua karibuni, akifanya kazi akiwa nyumbani na nakala yake. Waliibeba kompyuta ile kwenye gari wameiviringishia mablanketi. Studio yenye mamilioni ya dola iliokolewa na mzazi mwenye mtoto mchanga, kwa sababu moja tu: nakala yake ilikuwa nyumba nyingine.

Mpigapicha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeipa desturi hii maneno yanayokumbukika kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Uwe na nakala 3 za kila kitu, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Tafsiri yake kwa nyumba ya kawaida: ya kwanza iko kwenye kompyuta yako, ya pili kwenye ghala, ya tatu kwenye diski ya nje, ile inayoitwa eksteno, iliyolala kabatini kwa shangazi upande wa pili wa mji.

Diski hiyo ya kabatini ina fadhila moja zaidi: haijachomekwa popote. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150 kwa muda wa siku chache. Kilipita kwenye tundu la mfumo uleule wa Windows unaotumika kushirikisha mafaili kwenye mtandao, kikafunga mafaili ya watu kwa kufuli la hesabu na kudai fidia. Kirusi cha aina hiyo hufikia kila kinachofikiwa na kompyuta, likiwemo ghala lako. Hakifiki kabatini kwa shangazi. Kwa ghala lenyewe, tafuta lenye uwezo wa kuhifadhi hali za nyuma. Mfumo wa namna hii hauandiki juu ya kilichopo. Unaandika pembeni na kuacha cha zamani mahali pake, ili uweze kusema nirudishie folda hii ilivyokuwa Jumatatu. Na usilifungulie ghala mlango wa intaneti ya nje ili tu uangalie picha ukiwa safarini. Wanaotafuta milango hiyo hawalali.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya sumaku huoza. Punje moja hugeuka, elektroni kadhaa huvuja, na siku moja picha iliyokuwa nzima inafunguka ikiwa na mstari wa kijivu katikati ya uso wa bibi. Ubaya ni kwamba kioo hakijui nakala ipi kati ya mbili ni ya kweli. Dawa yake ni alama ya ukaguzi. Mfumo hupiga hesabu juu ya kila kipande cha data, huandika jibu pembeni, na kila unapokisoma hurudia hesabu. Majibu yakitofautiana, unajua kipande kimeoza, na unachukua kizima kutoka kwa pacha wake. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, ulijengwa juu ya wazo hili, na Btrfs unafanya vivyo hivyo. Ukiwa dukani uliza, "Hili linakagua data yake lenyewe?" Kama muuzaji haelewi swali, soma karatasi iliyo ndani ya boksi utafute moja ya majina hayo mawili.

Swali la pili la dukani linahusu makuti. Ukiezeka nyumba kwa makuti, kila safu hulalia sehemu ya safu iliyo chini yake. Paa linabana na maji hayapiti, lakini kubadili kuti moja la katikati ni lazima unyanyue yaliyolilalia. Watengenezaji wa diski walifanya vivyo hivyo ili kupata nafasi zaidi kwenye sahani ileile: njia za sumaku hulaliana. Kusoma hakuna shida. Kuandika upya biti chache hulazimu kuandika upya njia zote za jirani, na diski hugeuka nzito kama mkokoteni kwenye mchanga. Ghala linapojaza diski mpya baada ya kifo cha nyingine, uzito huo unaweza kugeuza saa kuwa siku. Diski za makuti huandikwa SMR, na zile ambazo njia zake hazilaliani huandikwa CMR. Mwaka 2020 wanunuzi waligundua kwamba baadhi ya diski zilizouzwa mahususi kwa maghala zilikuwa za makuti bila kutajwa. Kwa ghala, chukua CMR. Ya makuti si haramu. Inafaa sana kwa ile diski ya kwa shangazi, inayoandikwa mara moja kwa mwezi.

Usishtuke pia ukinunua terabaiti 1 na kompyuta ya Windows ikakwambia ni gigabaiti 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa kumi, kwake terabaiti ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inahesabu kwa mbili, inagawa kwa 1,024 tena na tena. Diski ni ileile.

Sasa data itoke kwenye kompyuta ifike ghalani. Hapa kuna mtego wa herufi moja. Diski hupimwa kwa baiti, mtandao hupimwa kwa biti. Waya wa mtandao unaoitwa wa gigabiti hupitisha biti bilioni moja kwa sekunde. Gawa kwa 8 unapata megabaiti 125, na baada ya kutoa anwani na bahasha za kila kifurushi zinabaki kama 110. Kwa waya huo, terabaiti nzima hufika kwa saa mbili na nusu. Ruta ya zamani ya megabiti 100 itaichukua zaidi ya siku nzima. Waifai nayo ni mkutano wenye kipaza sauti kimoja: simu, laptopu na televisheni hupokezana zamu, na ukuta wa tofali hupunguza sauti. Kwa hiyo unganisha ghala kwenye ruta kwa waya, na nakala ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa, ifanye kwa waya pia. Zinazofuata ni ndogo, kwa sababu programu hutuma kilichobadilika tu, na waifai huziweza.

Wengine huniuliza, kwa nini nisipeleke vyote kwenye wingu? Piga hesabu. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, terabaiti 1 itachukua siku 18 na nusu usiku na mchana, bila kukatika. Na hukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku ile mtandao wa ndani ya nyumba yangu ulikuwa salama, na watoto walitazama katuni zao kutoka ghalani kama kawaida. Wingu ni mahali pazuri pa kuweka nakala ya tatu ya vitu vichache vya thamani kuliko vyote, vyeti na picha teule. Likibeba kila kitu, bili yake haina mwisho.

Kuhusu filamu na nyimbo sitakaa sana, kwa kuwa kazi hiyo watu wanaiogopa bure. Picha moja ya video ya ubora wa HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, na kila nukta inataka baiti 3. Hiyo ni megabaiti 6.2 kwa picha moja, na picha 25 kwa sekunde ni megabaiti 155. Filamu ya saa mbili ingejaza zaidi ya terabaiti 1, na waya wa gigabiti usingeiweza. Lakini irudie video ya mama akilini. Ukuta ulio nyuma yake hausogei, kanga yake inasogea kidogo, mikono tu ndiyo inayokwenda. Mfumo wa kubana video huandika picha nzima mara moja, kisha huandika kilichobadilika. Kwa viwango vya H.264 vya mwaka 2003 na H.265 vya mwaka 2013, megabaiti 155 hugeuka kuwa 1 hivi, na jicho halioni tofauti. Hata Blu-ray ya kawaida haivuki megabiti 54 kwa sekunde. Diski moja ya sahani inaweza kuwatiririshia watu kadhaa ndani ya nyumba kwa wakati mmoja na isitoke jasho.

Shida huanza pale televisheni inaposhindwa kusoma lugha ya ubanaji uliotumika. Hapo ghala hulazimika kuifungua video na kuibana upya kwa lugha nyingine papo hapo, na kazi hiyo inataka prosesa yenye nguvu. Kabla ya kulipia prosesa hiyo, chukua filamu zako tatu au nne kwenye flashi, zichomeke kwenye televisheni yako. Zikicheza, televisheni inaijua lugha hiyo na ghala la bei ya chini litatosha.

Fedha uliyookoa kwenye SSD na prosesa ipeleke kwenye UPS, betri inayoshika zamu umeme ukikatika. Narudia kwa mkazo, kwa sababu katika nchi yetu kifaa hiki kina uzito kuliko chapa ya ghala. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, nusu ya faili ni mpya na nusu ni ya zamani. Mifumo mizuri hujua kujinasua, lakini diski haipendi kuzimwa ghafla mara tatu kwa wiki, na umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuunguza saketi. UPS yenye waya wa USB hulipa ghala taarifa kwamba umeme umekatika, na ghala hujifunga lenyewe kwa adabu. Ama gharama ya kuliwasha, ghala la diski mbili likila wati 20 usiku na mchana litamaliza uniti 175 kwa mwaka. Gawa kwa 12, ni kama uniti 15 za LUKU kila mwezi. Kompyuta kuukuu ya mezani pia inageuka ghala zuri kwa programu za bure kama OpenMediaVault au TrueNAS, na kwa kijana anayetaka kujifunza sina shule bora ya kumpeleka. Ajue tu kwamba aghalabu hula umeme zaidi. Ukiishi karibu na bahari, liweke mbali na dirisha la upepo wa chumvi, maana chumvi hula shaba ya viunganishi.

Ninachomshauri anayeniuliza ni hiki. Ghala la diski mbili kwa mpango wa kioo, mfumo unaokagua data na kukumbuka hali za nyuma, diski za CMR, waya wa gigabiti, UPS. Ukubwa wake upate kwa kutenganisha vitu vyako mafungu mawili. Filamu ulizonunua na nyimbo ulizopakua ni fungu linalorudi. Likipotea utalipata tena. Picha, video za familia, kazi za shule na nyaraka ni fungu lisilorudi. Jumlisha yote mawili, zidisha mara mbili kwa miaka ijayo, hiyo ndiyo diski ya ghalani. Fungu lisilorudi peke yake ndilo la kwenda kwa shangazi, na kwa familia nyingi linaenea kwenye diski moja ndogo.

Halafu lijaribu. Mara moja kila mwezi chagua faili moja bila kupanga, jifanye imepotea, irudishe kutoka ghalani na uifungue uone. Pixar walikuwa na nakala; hawakuwa wamezifungua.

Kama fedha ya ghala haijapatikana, usingoje. Kanunue diski moja ya nje wiki hii, nakili fungu lisilorudi, uikague, na Jumapili ukienda kumsalimu shangazi umwachie aiweke kabatini.